Treni ya Jumamosi Bel-Air: michezo ya familia kwa mtoto anayelia ukimwacha

Kama unaishi Lubumbashi na una mtoto wa miaka 2 hadi 5 anayeng'ang'ania sketi yako kila unaposhika mkoba, jaribu kufika mtaa wa Bel-Air Jumamosi moja asubuhi. Kuna ua hapo wa mwalimu wa chekechea aliyestaafu, wote tunamwita Mama Mwalimu, anayepokea wazazi na watoto wao kwa michezo. Hakuna kibao langoni. Watu wanaelekezana kwa mdomo: ule ua wenye kichuguu kirefu na miparachichi miwili. Nimekuwa nikienda na kitinda mimba wangu, Ilunga, tangu baridi ya mwezi wa sita, kabla hajaanza masomo. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko Kamalondo, na akina mama wanaoniletea vitenge wananiuliza kama pesa za kiingilio zinafaa kutolewa. Zinafaa. Ila kuna mambo ya kujua kabla hujaenda, na mengine nimemwambia mwenyewe uso kwa uso.

Kiingilio ni franga 10,000 kwa familia nzima, hata mkija na kambo wa mtoto, yaani babu au bibi, na yaya wake, yaani ndugu yake mkubwa. Michezo inaanza saa tatu na kwisha saa tano na nusu. Sharti la kwanza: hapo si mahali pa kumwacha mtoto ukaenda zako sokoni. Mzazi anabaki, na mzazi anacheza. Simu zinawekwa kwenye kikapu karibu na mlango. Kila mwezi una mada yake, na Jumamosi zote za mwezi huo mnarudia mada ileile, kila mara ikisogea hatua moja. Mtu mzima anaweza kuchoshwa na marudio hayo. Mtoto wa miaka 3 hachoki, ndiyo kwanza anaomba tena.

Mada iliyonivuta ni treni. Mji wetu ulizaliwa pamoja na reli. Njia ya chuma ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa, na Kamalondo imejaa watu wenye kambo aliyefanya kazi relini au kwenye shaba. Mtoto wa hapa hahitaji kuelezwa treni ni nini. Chini ya mparachichi wa kwanza ni stesheni ya Lubumbashi. Hatua chache mbele, kwenye tofali jekundu, ni Likasi. Mparachichi wa pili ni Tenke, pale reli inapogawanyika, njia moja kwenda Kamina na nyingine Kolwezi. Kolwezi yenyewe iko nyuma ya kichuguu, mahali ambapo aliyebaki Lubumbashi haonekani kabisa. Watoto wanashikana viuno, Mama Mwalimu yuko mbele na filimbi, na kila abiria ana tikiti iliyokatwa kwenye boksi la sabuni.

Jumamosi ya kwanza treni inaishia Likasi. Mtoto anaondoka, anafika kwenye tofali, anageuka, anamwona mama palepale alipomwacha, anarudi. Anapokewa kwa vigelegele. Juma linalofuata treni inafika Tenke na kusimama kidogo ili abiria wale ndizi. Ni mwisho wa mwezi ndipo inapozunguka kichuguu, na hata hapo wazazi wanaimba kwa nguvu ili sauti zao zisikike upande wa pili. Safari ya pili wanaimba polepole. Safari ya tatu wananyamaza. Ilunga alikataa kupita Likasi kwa muda mrefu kuliko wenzake, na hakuna aliyemsukuma. Mama Mwalimu alimpa kazi ya kukaa hapo Likasi akate tikiti, abiria wakimpita kwenda na kurudi, mpaka siku moja akajipanga mwenyewe nyuma ya behewa la mwisho.

Halafu kazi zinageuzwa, na hapa ndipo naona akili ya mwanamke huyu. Wazazi ndio wanaosafiri, watoto wanabaki stesheni, na mtoto mmoja ndiye mkuu wa stesheni mwenye filimbi. Treni haiondoki mpaka yeye apulize. Nyumbani na shuleni mtoto haulizwi kitu: anavalishwa, anapelekwa, anaachwa. Hapa kuondoka kwa mama kunangoja ruhusa yake. Nilimwona mwanangu akishikilia filimbi mdomoni bila kupuliza, akitutazama watu wazima tuliojipanga, akifurahia kutungojesha. Kisha akapuliza. Tulipotokea nyuma ya kichuguu tulimkuta amesimama, hajalia, anampigia mwenzake kelele: "Banarudia! Banarudia bote!" Yaani, wanarudi wote.

Mama Mwalimu aliyasikia maneno hayo, akainama na kumjibu taratibu: "Bale balisema batarudia, njo banarudia." Yaani, wale waliosema watarudi ndio wanaorudi. Sikuelewa mara moja kwa nini alirekebisha jambo dogo kama hilo. Nitalirudia.

Kwangu treni hii ina uzito wa pekee. Baba yake Ilunga anafanya kazi mgodini upande wa Kolwezi, anakaa huko mpaka zamu yake iishe ndipo aje kwa siku chache. Nyumba nyingi za Lubumbashi ziko hivyo, na mtoto analijua jina la Kolwezi kama mahali panapochukua wababa. Mume wangu alipopata likizo tulikwenda naye, na Mama Mwalimu akamtuma nyuma ya kichuguu akiwa na kofia yake ya kazini. Treni ya watoto ilipofika, akamwomba awaeleze analala wapi, anakula nini jioni, nani anampikia bukari, yaani ugali, picha ya familia ameibandika wapi. Mtoto wetu hakuwa amewahi kuyasikia hayo, maana baba akiwa nyumbani tunaongea mambo ya nyumbani. Tangu hapo Ilunga akiuliza "Papa iko wapi?", anajijibu mwenyewe: anafanya kazi, anakula, analala, anangoja treni.

Jambo ambalo Mama Mwalimu halivumilii ni kumtoroka mtoto. Wengi tumelelewa hivyo: kambo anamshughulisha mtoto na kipande cha muwa, mama anapitia mlango wa nyuma. Au mtoto anaambiwa "naenda kukununulia pipi", na mama anarudi jioni bila pipi. Yeye anatuambia wazi: "Ba mama, mtoto mwenye kutorokwa hajifunzi kunyamaza. Anajifunza kukuchunga." Katika ua wake kuna namna moja tu ya kuaga. Unapiga magoti mpaka macho yenu yalingane, unasema unaenda wapi na utarudi baada ya nini, mnapeana mkono, unaondoka bila kugeukageuka. Ni "baada ya nini", si "saa ngapi", maana mtoto wa miaka 3 hajui saa tano, ila anajua baada ya uji, baada ya wimbo wa mwisho, baada ya kulala mchana. Mnalifanyia mazoezi jambo hili ndani ya mchezo, treni ikiwa imesimama, mpaka linakuwa sehemu ya safari.

Nimelipeleka nyumbani vilevile lilivyo. Nawatahadharisha wenzangu kwamba siku za mwanzo kilio kiliongezeka, kwa sababu sasa mtoto anaona mlango ukifunguliwa. Ukiacha hapo, utasema mchezo haufai. Sisi tuliendelea. Taratibu akaacha kunifuata hadi chooni, na nikaweza kwenda kununua uzi mtaa wa Kenya, hapahapa mjini, bila nyumba nzima kujua.

Kilio hiki si utundu, na si kwamba mtoto amedekezwa. Huanza anapokaribia miezi 8, anapoanza kuelewa kwamba mtu asiyeonekana bado yupo mahali fulani. Kwa wengi huwa kikali kati ya mwezi wa 10 na wa 18, hupungua wakifika miaka 3, kisha huamka tena mlangoni pa shule, au akizaliwa mdogo wake, au mkihama nyumba. Mama Mwalimu alisomea mambo haya, na anapenda kutukumbusha kwamba sehemu ya elimu hiyo ilitoka kwa jirani zetu. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikaa Uganda mwaka 1954 na 1955, akazitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, akitazama jinsi watoto wachanga wanavyotambaa kutoka kwa mama zao na kurudi. Aliona kwamba mtoto humfanya mama yake kituo: anatoka hapo kwenda kuchunguza vitu, anarudi, anatoka tena. Matokeo yake aliyachapisha kwenye kitabu mwaka 1967. Stesheni iliyo chini ya mparachichi ni wazo hilohilo.

Kuna na habari nyingine aliyotusimulia ambayo mimi kama mshonaji siwezi kuisahau. Daktari Sigmund Freud aliandika mwaka 1920 juu ya mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto huyo alikuwa akirusha kile kipande cha mti cha kuzungushia uzi, kikiwa kimefungwa kamba, mpaka kinapotelea ndani ya kitanda, kisha anakivuta kwa furaha kikitokea. Tena na tena. Freud aliona kwamba mtoto alikuwa akiigiza kuondoka na kurudi kwa mama yake, safari hii kamba ikiwa mkononi mwake. Watoto wangu wote wamecheza mchezo wa namna hiyo chini ya meza ya cherehani. Kwa Ilunga nimetenga kipande kimoja cha namna hiyo ambacho uzi wake umekwisha, kiwe chake.

Sasa nirudi kwenye yale maneno ya kurekebisha. Kuna mama anayekuja na binti yake mdogo, na baba wa binti huyo amefariki. Nilikuwa na wasiwasi naye, kwa sababu mchezo wenyewe ni treni inayorudi kila mara. Basi nikawa natega sikio. Mama Mwalimu hasemi kamwe mbele ya watoto kwamba kila anayeondoka anarudi. Swali analowauliza abiria kabla ya safari ni hili: "Nani anakungoja stesheni?" Binti yule anawataja: mama, kambo, mjomba wake. Siku moja aliuliza kama baba yake naye yumo kwenye treni. Ua mzima ulimsikia. Mama Mwalimu aliketi chini palepale kwenye vumbi, akamwambia hayumo, papa amekufa, waliokufa hawasafiri na treni hii, na kama anataka kulia treni itamngoja. Mama yake akaja kukaa nao. Treni ilingoja. Watoto wengine walikaa Likasi wakila ndizi zao bila kuharakishwa, na walipoinuka binti akachukua nafasi yake kwenye mstari, mama yake akiwa amemshika kiuno. Nimeona watu wenye vyeti vikubwa wakimdanganya mtoto kwa maneno matamu katika hali kama hiyo. Ua huu umepata imani yangu siku hiyo.

Mada nyingine nitazipitia haraka. Soko ni zuri: mtoto anabaki analinda meza ya nyanya, mzazi anaenda kununua kwenye meza ya mbali na kuleta chenji, na mwisho wote mnakunywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Viwavi ndio tunacheza sasa, mvua zikiwa zimeanza. Mtoto anazungushiwa kitenge mwili mzima isipokuwa uso, mama anazunguka mti, akirudi mtoto anachomoka na mabawa. Wanacheka sana. Watoto wengi hapa wamekula viwavi kabla ya kujua vinageuka kitu kingine, kwa hiyo kuna na somo la ziada ndani yake.

Mada ya wanyama haikunifurahisha. Ilitokana na matembezi ya bustani ya wanyama ya mjini, jambo jema, lakini wazazi walivalishwa barakoa za simba na chui na kutokea ghafla kutoka nyuma ya kichuguu. Wakubwa wa miaka 5 walishangilia. Wadogo walilia kilio kile hasa tulichokuja kukituliza, maana kwa mtoto wa miaka 2 uso wa mama ukifunikwa, mama ameondoka ingawa miguu yake inaonekana. Nilimwambia, na mwenzangu mmoja akamwambia. Juma lililofuata barakoa zilivaliwa mbele ya macho ya mtoto, naye akiruhusiwa kuivua mwenyewe. Ilikuwa afadhali. Bado ningewashauri wenye watoto chini ya miaka 3 waupishe mwezi huo.

Kuhusu vitu vinavyouzwa pale, hapa nasema kwa kazi yangu. Kipande cha kitenge ni kizuri na hakigharimu kitu: unaleta kitenge ulichokivaa, kinakatwa vipande viwili, kimoja kinakaa mfukoni mwa mtoto na kingine unajifunga mkononi. Hakikisha tu kimepigwa pindo pande zote, la sivyo nyuzi zitachomoka na mtoto atazitia mdomoni. Wanasesere wa kitambaa wanauzwa franga 8,000, na siwezi kuwasifu. Wameshonwa kwa mkono, mishono imeachana mno, shingo inafumuka upesi, na macho yao ni vifungo vya shati vilivyoshikiliwa kwa uzi mmoja. Kifungo hicho kikitoka kinaweza kumkaba mtoto. Nilijitolea kuonyesha jinsi ya kutarizi macho kwa uzi badala ya kuweka vifungo, na wanasesere wapya wameanza kutoka hivyo. Wale wa zamani wakiwa bado mezani, usinunue.

Ilunga alianza masomo mwezi wa tisa. Alilia. Wote darasani walilia, na mchezo huu hauahidi kuondoa machozi ya asubuhi ya kwanza. Tofauti niliyoiona ni kwamba alikuwa na la kufanya: alipapasa mfuko wenye kitenge, akanitaka nipige magoti, akaniuliza, "Mama, utarudia nyuma ya nini?" Nikamwambia nyuma ya wimbo wa mwisho. Akapuliza kwa mdomo kama filimbi, nami nikaondoka. Mwalimu wake wa shule hakupenda kile kitambaa mwanzoni, anasema kila mtoto akija na kitu chake darasa litajaa, lakini tulipoongea kwa heshima alikubali kikae mfukoni. Nyimbo za mwisho zinakwisha saa tano na nusu. Saa tano na dakika ishirini niko langoni, hata kama gauni la harusi liko mezani halijakwisha, kwa sababu ahadi ikivunjwa mara moja treni nzima inaanguka.

Kasoro zilizobaki ni za mahali penyewe. Tangu habari zisambae, ua umejaa. Watoto wakizidi kumi na tano, Mama Mwalimu na msaidizi wake mmoja hawawezi kumtazama kila anayekwama Likasi, na hapo ndipo kazi yote ilipo. Turubai lililopo linavuja. Mvua ikipiga, mnarundikana kwenye baraza na mchezo unakufa. Na lango la kuelekea barabarani lina komeo la chini ambalo mtoto wa miaka 4 analifikia. Kwa mahali panapofundisha watoto kwenda mbali na wazazi wao, hilo halikubaliki, na nimelisema mbele ya wote. Wababa nao ni wachache mno. Wakija, watoto wao wanabadilika haraka, kwa hiyo nawasihi wenye waume walio nyumbani Jumamosi wawabebe.

Wengine wananiuliza kwa nini wasiende tu zile sehemu za mjini zenye majumba ya kuruka ya upepo. Huko mtoto anafurahi, anachoka, analala vizuri, na kama ndicho unachotafuta, nenda. Lakini mzazi anakaa mezani na simu, na Jumatatu mlango wa shule uko vilevile.

Na kuna watoto ambao michezo haiwatoshi. Hofu ikipita majuma 4 bila kulegea, mtoto akiumwa tumbo au kutapika kila asubuhi ya kwenda shule, asipoweza kulala peke yake hata kidogo, au akisema kila siku kwamba mama atakufa, muone daktari wa watoto au mtaalamu wa saikolojia hospitalini. Mama Mwalimu mwenyewe aliwaelekeza huko wazazi wawili niliowajua, na aliwarudishia pesa zao za mwezi.

Ukienda, fika kabla ya saa tatu upate kivuli cha mparachichi wa kwanza, beba kitenge cha zamani, kigoda chako mwenyewe na ndizi za abiria. Anza mwezi wa treni ukiweza. Unarudi tena mwezi wa kwanza. Dada yangu wa Katuba ana pacha wa miaka 2 na nimemwambia angoje mpaka hapo, kwa sababu Mama Mwalimu ameahidi kwamba wakati huo komeo litakuwa limehamishiwa juu. Nitapita kulitazama mwenyewe kabla hajalipa.